Mtaalamu wa Kurambaza

Kosa lilianzia barazani, baada ya Isha. Nilikuwa na wiki tatu tu Lamu, nimekuja kufundisha kompyuta, na mzee mwenye nyumba niliyopanga, ambaye mtaa mzima unamwita Ami, akaniuliza huku akinimiminia kahawa: "Mwalimu, wayua kurambaza?"

Nikacheka. Kurambaza ndilo somo langu la kwanza kila muhula! Mwanafunzi akifungua intaneti, akaruka kutoka ukurasa huu hadi ule, ndiko kurambaza huko. Nikamjibu kwamba mimi narambaza usiku na mchana, hata kitandani.

"Kitandani?"

"Tena gizani, Ami. Mke wangu analalamika kila siku."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kisumu. "Aaa!" wakaitikia kwa pamoja, kama kwamba sasa mambo yamejieleza. Mtu wa ziwani huyu. Hapo ndipo ningesema ukweli, kwamba ziwa mimi nalijua kwa upande wa sahani. Mbuta nimemla, omena nimekula mpaka nikazichoka, lakini wale wanaotoka usiku na taa zao kwenda kuzivua ni watu wengine, si wa ukoo wetu. Ila sifa tamu. Tukaagana kukutana gatini alfajiri.

Gatini nikakuta mashua ndogo, Ami, mjukuu wake wa miaka kama 12, na kibao kilichoviringishiwa mshipi wa nailoni. Kompyuta hakuna. Kumbe kurambaza, kabla sisi watu wa mitambo hatujaliazima neno la watu, ni kukokota mshipi nyuma ya chombo kikienda, samaki adhani chambo ni kisamaki kinachokimbia. Ami akanionyesha ndoana: imefungwa manyoya meupe ya kuku na kipande cha karatasi ya kung'aa, na juu yake waya wa kama shibiri moja, maana nguru akiikuta nailoni tupu anaikata kama uzi wa kushonea.

"Toa pima 20," akasema. "Na usizungushe mkononi."

Nikazungusha mkononi. Mara tatu. Nisipozungusha unateleza, na mtu wa ziwani ataonekanaje mshipi ukimteleza?

Tukaipita Shela, Ras Kitau ikabaki kushoto, bahari ikafunguka. Kaskazi ilikuwa ikivuma vizuri. Nilikuwa nimejichagulia upande wa chini, kwenye kivuli cha tanga, naona raha, mara upepo ukaja kwa mkupuo, mashua ikalala upande wangu, maji yakaingia mpaka vifundoni.

Ami, usukani kwapani, akapaza sauti: "Mwalimu, ndoo!"

Wazo zuri. Ndoo ilikuwa omo, mbele kabisa ya mashua, ya plastiki, ya bluu. Nikaitambalia.

"Ndoo! Ndoo huku!"

"Ninayo, Ami!"

Nikainama pale pale upande uliolala, nikaanza kuteka na kumwaga. Kila nikiinama mashua inalala zaidi. Kila ikilala maji yanaongezeka. Kila yakiongezeka Ami anadai ndoo, nami nazidisha bidii. Sitaficha, nilijiona shujaa. Ni yule mtoto aliyelegeza demani, kamba ya kuzuilia tanga. Chombo kikainuka ghafla, mimi nikaanguka chali, ndoo ikaruka baharini.

Kimya.

"Mwalimu," mtoto akaniambia kwa upole wa kumsemesha mgonjwa, "babu alikuwa akikwita."

Kwa Kiamu njaa ni ndaa, njia ni ndia, na njoo, basi, ni ndoo. Mzee wa watu alikuwa akinisihi nihamie joshini, upande uliopanda, uzito wangu utusaidie badala ya kutuzamisha.

"Na ndoo yenyewe mwaiitaje?" nikauliza.

"Ndoo."

Tukageuza kwenda kuitafuta, maana ilikuwa ya jikoni kwa bibi, na Ami, ambaye hakushtuka mashua ilipolala, sasa uso ulikuwa umembadilika. Tukazunguka mara mbili, hatukuiona. Mshipi wakati wote huo ulikuwa bado umenizonga mkono wa kushoto. Nikausahau, mpaka ulipokaza.

Ulikaza kwelikweli. Vidole vikawa vyeupe, kisha vya zambarau, nailoni imezama kwenye ngozi kama waya kwenye sabuni. "Nguru!" nikalia. Ami akamwachia mtoto usukani, akaushika mshipi mbele yangu, tukavuta wawili. Samaki hakimbii, hatikisiki, ni uzito tu. Ami akasema nguru hawi hivi, huyu labda chewa mkubwa. Mtoto akasema kasa, tukamnyamazisha. Tulipofika kama pima 5 za mwisho Ami alikuwa ameshagawa: kichwa kwa nani, mkia kwa nani, na mimi mwalimu kipande cha kati.

Kitu cha bluu kikaibuka.

Ndoana ilikuwa imenasa kwenye mshikio, barabara, na ndoo imejaa maji mpaka mdomoni. Ami akaitazama. Akanitazama.

"Ndoo," akasema.

Nikamsogelea.

"Si wewe. Hii."

Wakati wa kurudi nilikalishwa juu ya kamba ya nanga, mikono magotini, na mtoto akapata kolekole mmoja wa wastani kwa mshipi ule ule, anatafuna muhogo. Bibi alipewa ndoo yake na hakuambiwa kitu, lakini kabla ya Adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari. Siku hizi nikipita Usita wa Mui watoto wananipigia kelele kutoka vibarazani: "Mwalimu, ndoo! Ndoo!" Nami nasimama katikati ya njia, punda na mizigo yao wananisukuma wapite, sijui kama naitwa au ndilo jina langu.