Mchele wa dawa wa Chhattisgarh: waganga walisema magoti, maabara ikajibu saratani

Chhattisgarh ni jimbo la katikati ya India ambalo Wahindi wenyewe huliita bakuli la mpunga. Huko mpunga haulimwi kwa ajili ya kushiba tu. Upo uitwao Gathuwan, ambao waganga wa vijijini huwapa watu wenye maumivu ya viungo. Jina lake linakaribiana na gathiya, neno la Kihindi la ugonjwa huo. Upo Maharaji, anaopikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili nguvu zimrudie. Upo Laicha, ambao mjamzito hulishwa ili mtoto asipatwe na ugonjwa wa ngozi wenye jina hilohilo. Karhani hutajwa kwa waliopooza. Na mara nyingi mchele hautolewi peke yake. Huandamana na mizizi, magome na majani ya porini, na masharti ya kuupika ni mengi.

Mwaka 2018, Kituo cha Utafiti wa Atomiki cha Bhabha kilichopo Mumbai, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Indira Gandhi cha mjini Raipur, walieleza kwamba dondoo, yaani viini vilivyotolewa kwenye mchele, za Gathuwan, Maharaji na Laicha zilizuia seli za saratani ya mapafu na ya matiti zisiendelee kukua kwenye maabara. Magazeti hayakusubiri. Habari ya mchele unaopambana na saratani ikasambaa India nzima na kuvuka mipaka.

Sasa rudi kwenye ile orodha ya mwanzo. Nani katika wale waganga alitaja saratani? Gathuwan ni wa magoti na vifundo. Maharaji ni wa mzazi. Laicha ni wa ngozi ya mtoto. Watu wamekaa na mpunga wao vizazi na vizazi, wakautenga na mpunga mwingine, wakaupa jina kwa kazi yake, halafu wakapewa jibu la jambo ambalo hawakulisema. Siwalaumu watafiti kwa kutafuta dawa ya saratani, maana anayeuguliwa na ndugu anajua uchungu wake. Lakini swali la mganga limebaki palepale lilipokuwa: je, aliye na maumivu ya goti akila Gathuwan miezi miwili, goti linapoa?

Ninalisema hili nikijua kuwa wapo wanaoona hata swali hilo halina haja ya kuulizwa, na wako pande zote mbili.

Wa upande wa kwanza husema dawa ya wazee imeshapimwa na muda. Kama ingekuwa haifai, ingeachwa. Hoja hii ina uzito kuliko wanavyokubali wengi walioisomea tiba ya hospitali, na mchele wenyewe unaiunga mkono. Katika miaka ya 1890, daktari wa Kidachi Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakilegea miguu na kuanguka. Waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake, walisimama. Ugonjwa huo, beriberi, ulikuwa ukiua watu wengi Asia baada ya mashine za kukoboa kuenea, na baadaye ikajulikana kwamba kilichokuwa kikitupwa pamoja na pumba ni vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa hiyo anayekataa mchele uliong'arishwa na kutaka uliotwangwa kwenye kinu hashikilii mila tupu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na jikoni kwetu. Mwenye kuharisha hupewa uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo. Bengali wanafanya hivyo, na Pwani yetu tunafanya hivyo. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Dhaka walichukua maji ya chumvi na sukari wanayopewa wagonjwa wa kipindupindu, wakaondoa sukari na kutia unga wa mchele. Wagonjwa wale wakaharisha kidogo kuliko waliokunywa yale ya sukari. Sababu yake inaeleweka: wanga wa mchele huvunjika taratibu kuwa sukari ukiwa ndani ya utumbo, kwa hiyo hauvuti maji mengi kwa mkupuo. Kinachonivutia katika kazi ya Dhaka ni kwamba dawa ya kuharisha ilipimwa kwa watu wanaoharisha. Hawakuichukua wakaenda kuijaribu kwenye seli za ini.

Mimi mwenyewe nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alinikalisha ndani siku arobaini. Asubuhi ananikanda kwa maji ya moto, taulo lililokamuliwa linatoa moshi, tumbo linabanwa na kufungwa kwa mkaja. Kisha kinaletwa kikombe cha uji wa pilipili manga, mweusi juu kwa vumbi la pilipili, wa kunywa ukiwa moto mpaka jasho linatoka kwenye paji la uso. Nilipata nguvu. Ila siwezi kusema kama ni pilipili manga, au ni kule kulala na kulishwa na mtu asiyeniacha niinue hata ndoo. Hapo ndipo ninapoelewa kwamba kuona kwa macho yako hakutoshi, hata kama aliyeona ni wewe na mwili ni wako.

Na hapo ndipo wa upande wa pili wanapokuwa na haki. Hao husema: maumivu ya viungo huja na kuondoka. Mtu huanza dawa siku maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele kuna kushuka, dawa iwepo isiwepo. Waliopona hurudi kushukuru, wasiopona huenda kwa mganga mwingine na hesabu yao haiandikwi popote. Maabara nayo ina kasoro zake. Dondoo za mchele ule zilitolewa kwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na hakuna anayepikia wali methanoli. Seli zilizoenezwa kwenye kisahani cha kioo hazina tumbo wala damu. Hata maji ya chumvi kali yataziua. Toka kwenye kisahani hadi kwa mgonjwa ni safari ndefu, na dawa nyingi zinazoanza vizuri huishia njiani.

Mpaka hapa nimesema kuhusu mchele, ambao ni chakula. Ukizidisha utashiba. Miti na mizizi ya porini ni habari nyingine, na nadhani kosa kubwa la mjadala huu ni kuviweka vyote kwenye kapu moja la "mitishamba". Chukua kalihari, ua linaloota India na pia kwetu Afrika Mashariki, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Kiazi chake kina kolchisini. Kolchisini ni dawa halisi, ndiyo wanayopewa hospitalini wagonjwa wa jongo, yaani maumivu makali ya viungo, kwa hiyo mganga anayekitumia kiazi kile kwa viungo hajakosea kuhusu nguvu yake. Tatizo ni kwamba kati ya kipimo kinachotuliza na kipimo kinachoua pana nafasi finyu sana, na kiazi kimoja hakilingani na kingine. Kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Kiazi kilichochimbwa msimu huu bonde hili, nani anajua kina kiasi gani?

Mchele wenyewe huwa hatari pia pale unapoacha kuwa chakula. Wachina wana mchele mwekundu ambao huchachushwa kwa kuvu aina ya Monascus, na wameutumia kama chakula na dawa kwa karne nyingi. Mwaka 1979 Mjapani Akira Endo alipata ndani ya kuvu wa jamii hiyo kemikali ya monakolini K. Ni ileile lovastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Mchele wa dawa, kwa maana kamili ya neno. Lakini kwa kuwa ni dawa, una madhara ya dawa, kwenye misuli na kwenye ini, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba kiasi cha kutumia kwa siku kisifikie miligramu 3 za monakolini. Miaka miwili baadaye, huko Japani, vidonge vya mchele wa namna hii viliondolewa madukani baada ya watumiaji kuugua figo na vifo kuripotiwa. Ndani yake ilikutwa sumu ya kuvu mwingine aliyeingia wakati wa kutengeneza. Anayesema "ni cha asili, hakina madhara" ayakumbuke mambo haya mawili.

Sisi wa Tanzania tuna somo letu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mti uliochemshwa, mugariga, Wamasai na jirani zao wameutumia miaka mingi kwa maradhi yao. Lakini safari hii ulibebeshwa UKIMWI, kisukari, saratani na mengine, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Baada ya vumbi kutulia, watu wengi walijifunza kudharau mti mzima. Mpaka leo ukitaja mugariga unachekwa, na swali la kawaida, kwamba mti huu unafanya nini kwa yale maradhi ambayo wenyewe waliutumia, limezikwa pamoja na kikombe. Hicho ndicho ninachohofia kwa Gathuwan. Ukiupandisha mchele hadi saratani, siku utakaposhindwa na saratani hakuna atakayerudi kuuliza habari ya magoti.

Kuna jambo la tatu ambalo wanasayansi na watetezi wa mila wote hulipita haraka, nalo ni mwenye mali. Mpunga wa Chhattisgarh haukujikusanya. Mtaalamu wa mpunga R. H. Richharia, ambaye kabla ya hapo aliongoza taasisi kuu ya utafiti wa mpunga ya India huko Cuttack na kuondolewa baada ya kupinga mbegu za kigeni zilizokuwa zikiingizwa kwa pupa, alizunguka vijiji vya eneo hilo na kukusanya sampuli zaidi ya 17,000 za mpunga wa wakulima. Zilikuja kuhifadhiwa chuoni Raipur. Mwaka 2002 ikajulikana kuwa chuo kilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni ya mbegu na viuatilifu ya Syngenta ili iifikie hazina hiyo. Wakulima na wanaharakati waliandamana, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajitoa.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Mwarobaini, tunaouchemsha homa ikipanda na tunaoujivunia kwa magonjwa yake arobaini, ulitujia kutoka India. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, ya dawa ya kuvu wa mimea itokanayo na mafuta ya mwarobaini kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace. Wahindi na wenzao waliipinga kwa hoja kwamba wakulima walikuwa wakijua hayo tangu zamani. Ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Zaidi ya miaka kumi, kwa jambo linalojulikana na kila bibi.

Wapo wanaotoa hapa hitimisho la kuficha: mganga anyamaze na siri yake, aende nayo. Naielewa hasira hiyo, lakini siungi mkono. Ujuzi uliofichwa hauibiwi, ni kweli, ila hufa na mwenyewe, na kesi ya mwarobaini ilishinda kwa sababu wapo waliosimama na kueleza hadharani walichokijua. Jokofu la mbegu la chuo cha Raipur nalo haliokoi kila kitu. Linahifadhi punje. Halihifadhi habari kwamba mchele huu hupewa nani, siku ya ngapi baada ya kujifungua, na jani gani lisikaribishwe karibu nao.

Upimaji ninaoutaka hauhitaji mashine za atomiki. Watafutwe watu wenye maumivu ya goti, wakubali kwa hiari, na dawa zao za hospitali wasiziache. Nusu wapewe Gathuwan kila siku kwa miezi miwili, nusu wapewe mchele wa aina nyingine. Huo mwingine nao usiwe mweupe wa dukani. Uwe umetwangwa kwenye kinu vilevile, una ngozi yake vilevile. La sivyo, wakipata nafuu hatutajua kama ni Gathuwan au ni pumba tu, yaani tutakuwa tumegundua upya kuku wa Eijkman. Anayehesabu maumivu asijue nani alikula upi. Mganga aliyeutaja mchele huo awepo tangu siku ya kupanga maswali, maana ndiye anayejua kama unaliwa asubuhi au jioni, na kama kuna goti ambalo yeye mwenyewe asingethubutu kulitibu kwa mchele.

Mpunga wa kufanyia hayo ununuliwe kwa mkulima anayeupanda hadi leo, kwa bei inayomfanya aupande tena mwakani. Mpunga wa kienyeji mara nyingi hutoa gunia chache kwa ekari. Kwetu mpunga wa Supa unadumu shambani mbele ya SARO 5, mbegu iliyoboreshwa inayozaa kuliko Supa, kwa sababu kuna walaji walio tayari kulipia harufu yake. Gathuwan hauna mlaji wa namna hiyo. Una wagonjwa wa kijijini tu.