Kocha aliyeanza na soksi

Siku ya kwanza ya mazoezi, vijana warefu kama minazi, waliosakwa Marekani nzima ili wachezee Chuo Kikuu cha UCLA, walikalishwa kwenye benchi wakaambiwa wavue viatu. Mzee mwenye miwani akaanza kuwafundisha kuvaa soksi. Ivute polepole kuanzia vidoleni, ilainishe kwa mkono, hakikisha hakuna mkunjo kisiginoni. Kisha kamba za viatu: kaza tundu moja baada ya jingine, funga fundo mara mbili. Soksi iliyokunjamana huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hakimbii.

Nimewahi kujaribu somo hilo kwa vijana ninaowafundisha kikapu jioni mtaani kwetu. Walicheka. Mmoja hakuwa na soksi kabisa, somo likaishia hapo.

Mzee mwenyewe ni John Wooden, aliyefariki tarehe 4 Juni 2010 akiwa na miaka 99, imebaki miezi minne atimize mia. Wapenzi wa kikapu wanamjua kwa makombe: ubingwa wa vyuo vikuu mara 10 ndani ya miaka 12, saba mfululizo kuanzia 1967 hadi 1973, na mechi 88 bila kufungwa. Hesabu hizo nilizikariri tangu nikiwa mchezaji wa akiba shuleni. Siku hizi sizitaji sana. Mimi naamini alikuwa mwalimu wa sekondari mpaka anaingia kaburini, na kombe lilikuwa kama cheti tu cha kazi ambayo tayari imefanyika.

Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Indiana, Marekani, akalelewa shambani kusikokuwa na umeme. Goli lake la kwanza lilikuwa tenga la nyanya ambalo baba yake alilitoboa kitako na kuligongomea ghalani. Mpira ulikuwa matambara yaliyoshonwa na mama yake. Aliyecheza chandimu na mpira wa makaratasi hahitaji maelezo zaidi.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1932, akafundisha Dayton, Kentucky, halafu miaka tisa South Bend, Indiana. Darasani alikuwa mwalimu wa Kiingereza, jioni kocha. Kilichomkera ni wazazi waliodhani mtoto asiyepata A au B ameshindwa, yeye au mwalimu wake, hata kama amefika mwisho wa uwezo wake. Mwaka 1934 akakaa akajiandikia maana yake mwenyewe ya kufaulu: utulivu wa moyo wa mtu anayejua kwamba alijitahidi kwa kadiri alivyojaliwa. Anayezijua kelele za siku ya matokeo ya kidato cha nne ataelewa kwa nini nimelibandika hilo ukutani.

Mwaka 1947, akiwa kocha wa chuo cha ualimu cha Indiana State, timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya taifa huko Kansas City. Sharti moja: wachezaji weusi hawaruhusiwi. Alikuwa naye mmoja, Clarence Walker, kijana wa benchi. Wooden akaukataa mwaliko. Mwaka uliofuata sharti likaondolewa, Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mashindano hayo. Mimi nimekaa benchi, ndiyo maana kisa hiki nakipenda kuliko mechi zote 88. Timu nzima ilibaki nyumbani kwa ajili ya mtu ambaye hata kikosi cha kwanza hakuwemo.

UCLA alifika mwaka 1948. Ubingwa wa kwanza? 1964. Klabu zetu zingekuwa zimeshamtimua, zikaajiri mwingine, zikamtimua na huyo.

Katika msimu wake wa mwisho, 1974 hadi 1975, wataalamu wawili wa saikolojia, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa jukwaani wakiandika kila alichokisema mazoezini. Walirekodi vitendo 2,326 vya ufundishaji. Sifa zilikuwa asilimia 6.9, karipio asilimia 6.6. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ilikuwa maelekezo mafupi: fanya hivi, si hivyo, rudia. Hotuba za kuwasha moto hawakuzikuta. Nikisoma hayo nakumbuka makocha wangu walivyopasua koo kando ya uwanja, na mimi mwenyewe juzi nilivyotupa filimbi chini.

Hakuwa malaika. Katika miaka ya makombe alikuwepo tajiri mmoja aliyewapa wachezaji wa UCLA misaada na zawadi kinyume cha kanuni, na chuo kiliadhibiwa mwaka 1981, Wooden akiwa ameshaondoka. Wapo wanaosema alichagua kutotazama. Nadhani wana hoja. Mtu anayeuona mkunjo wa soksi angeweza kuiona na jaketi mpya.

Aliaga mwaka 1975 kwa ubingwa wa kumi, kisha akaishi miaka 35 mingine. UCLA alikuwa amekaa 27. Hapo ndipo wengi hufunga hadithi, kana kwamba mwalimu akistaafu anazimwa kama taa ya darasa. Wanafunzi wake waliendelea kumjia kwenye nyumba yake ndogo ya ghorofani huko Encino: nyota wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar, na Bill Walton, ambaye zamani Wooden alimtoa mazoezini akanyoe ndevu kwanza.

Mwaka 2003 UCLA ilipotaka kuuita uwanja kwa jina lake, aliomba jina la mkewe litangulie: Nell na John Wooden. Nellie alikuwa amefariki tarehe 21 Machi 1985, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 52. Tangu hapo, kila tarehe 21 ya mwezi, mzee alimwandikia barua, akaiweka juu ya mto upande wa mkewe, pamoja na za miezi iliyotangulia. Aliandika hivyo hadi macho yakamkatalia.