Mpeni fundi wa Mtwara namba

Gereji moja hapa Leicester imeniambia gari langu halifai kutengenezwa. Hawakusema halitengenezeki. Walisema gasketi ya hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku (mwili wa injini), imekwenda, kazi yake ni paundi 1,100, na gari lenyewe la mwaka 2002 likienda sokoni halifiki hata 900, kwa hiyo nimwite mtu wa chuma chakavu aje alibebe. Na namba ya simu ya huyo mtu wakaniandikia kabisa.

Iliniuma. Gari ni Toyota Avensis, limeundwa Burnaston, Derbyshire, kaunti ya jirani tu na hapa ninapoishi. Injini yake ni 1ZZ, hiyo hiyo mnayoijua kwenye Allion na Premio za 1800. Bodi halijaliwa na kutu, giaboksi inaingia vizuri, na ringi hazijaanza kunywa oili, jambo ambalo mwenye 1ZZ ya zamani anajua thamani yake. Kwetu hilo ni gari la kuendea harusini. Mimi niliyekulia Mtwara, nikiona daladala zimefungwa hedi mara ngapi sijui na bado zinapakia, siwezi kukubali gari zima lisagwe kwa ajili ya gasketi.

Nimelitengeneza mwenyewe, nje ya nyumba, na linatembea. Lakini kuna jambo moja limenikera na kunipa fahari kwa pamoja muda wote wa kazi ile, nalo ni hili: mafundi wetu wanaujua ugonjwa wa gari kuliko mtu yeyote, lakini wanafunga injini bila vipimo. Nalileta kwenu watu wa Kusini kwa sababu linawahusu kuliko linavyowahusu Waingereza.

Kabla sijashika spana nilimpigia mjomba wangu. Ana gereji Magomeni ya Mtwara, chini ya mwembe, na mikono yake imeshafungua hedi nyingi kuliko fundi yeyote niliyekutana naye huku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Gari limefanyaje?"

Nikamweleza. Akanitaka nigeuze kamera. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, washa, nionyeshe maji. Viputo vikapanda, vingi, bila kukata. Zima. Toa plagi zote nne, zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Nikazipanga. Video inakatika, mtandao mnaujua wenyewe, lakini aliziona.

"Ya tatu hiyo. Imeoshwa. Maji yanaingia silinda ya tatu."

Ilikuwa kweli. Plagi nyingine zote zilikuwa na masizi yake ya kawaida, ila ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe safi, kwa sababu maji yanayovuja ndani ya silinda yanageuka mvuke na kufuta masizi. Gereji ilikuwa imenitoza pesa ya kupima na haikuniambia ni silinda ipi. Nilipokuja kuinua hedi, gasketi ilikuwa imeungua palepale, ukingoni mwa silinda ya tatu. Aliyejua hivyo alikuwa mzee wa darasa la saba aliyekaa Mtwara na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwa hiyo ninyi wenzangu wa huku mnaopenda kusema mafundi wa nyumbani ni wababaishaji, mniache kidogo. Sitaki kuwa mmoja wenu. Mafundi wa huku wana mashine ya kuunga kwenye kompyuta ya gari, inawapa kodi, yaani namba ya hitilafu, wanabadilisha spea iliyotajwa, wanakuandikia bei. Wengi wao ni watu waangalifu sana, ila gari likiumwa ugonjwa usio na kodi wanapiga hesabu na kukuelekeza kwa mtu wa chuma chakavu. Kwetu gari haliachwi. Hedi ikipinda kidogo, mjomba anaweka msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha na kuisugua taratibu mpaka inyooke. Nimemwona kwa macho yangu. Kioo kimenyooka kuliko meza yoyote ya gereji ile, yeye aliligundua hilo bila kufundishwa na mtu.

Baada ya plagi, ndipo tulipoanza kubishana.

"Ukishafungua," akaniambia, "thamostati itoe utupe. Hiyo ni ya watu wa nchi za baridi."

Thamostati ni kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Nadhani kila anayesoma hapa mwenye gari ameshaambiwa hivyo. Na wengi wenu mnaendesha sasa hivi magari yasiyo nayo, na dumu la maji liko nyuma ya kiti. Nilipokuwa mtoto nilidhani lile dumu linauzwa pamoja na gari. Mlima wa kupanda Newala, abiria wanashuka, boneti juu, mvuke, na maji yenyewe juu kule mnajua habari yake. Huku sijawahi kuona mtu na dumu la maji kwenye gari. Tofauti hiyo haitokani na joto la Mtwara. Hispania na majimbo ya kusini ya Marekani kuna joto kali la kiangazi, na magari yao yana thamostati.

Thamostati ya 1ZZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Chini ya hapo inazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake upesi, juu ya hapo inafunguka. Joto hilo ndilo injini iliyotengenezewa. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi, na unyevunyevu unabaki kwenye oili badala ya kukauka. Na zipo injini ambazo thamostati ikishafunguka huziba njia ya mkato ya maji. Kwenye hizo, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Umetoa kitu ili gari lisichemshe, nalo likipanda mlima linachemsha.

Nilimwambia mjomba haya yote. Alinisikiliza, halafu akanijibu jibu ambalo sikuweza kulipinga.

"Mwanangu, thamostati za dukani hapa zinagandia zimefungwa. Mteja anachemsha Mnazi Mmoja, hedi inapinda, anarudi kunidai mimi. Nisipoiweka, hainigandii."

Ndiyo maana nakasirika mtu anapomwita mtu kama huyu mbabaishaji. Amepiga hesabu yake sawasawa. Kwenye soko ambalo hajui kilichomo ndani ya boksi, kuitoa ndiyo salama kwake. Mimi huku niliingia duka la spea, nikataja namba ya gari, nikapewa thamostati, gasketi na bolti kumi za hedi, zote zinaingia, na kama haziingii wananirudishia pesa bila kuniuliza mimi ni nani. Uhakika huo unanifanya nionekane fundi hodari. Mpeni mjomba duka hilo mwone.

Lakini pia nilikereka naye, na nilimwambia kwa heshima zote. Thamostati inapimika. Sufuria, maji, jiko, kipimajoto. Unaining'iniza kwa uzi isiguse chini, unachochea moto, unaangalia inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Ya kwangu, mpya, ilianza kufunguka kwenye 82. Isipofunguka, unairudisha dukani kabla haijaua injini ya mtu. Gharama yake ni mkaa kidogo na kipimajoto. Miaka yote tuliyochemsha njiani, sijawahi kuona gereji moja ya kwetu ikifanya hivyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye namba, yaani vipimo. Maktaba ya mtaa wangu ina vitabu vya kutengeneza magari, unaazima bure. Kitabu cha gari langu kinasema hedi ikipimwa kwa rula ya chuma na vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, isizidi kupinda milimita 0.05. Kinasema matundu ya bolti yakaushwe kabisa, kwa sababu maji au oili ikibaki chini, bolti inaigandamiza na bloku inaweza kupasuka. Kinasema bolti zilegezwe kuanzia pembeni kwenda katikati, na wakati wa kukaza ianze katikati kwenda pembeni, kwa zamu. Kisha kinatoa namba: 49 za niutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu kila bolti izungushwe tena digrii 90.

Nina toki renchi, ile spana ndefu yenye namba kwenye mpini, inayolia tik nguvu ikifika. Nilikaza kumi zote kwa 49, nikaziwekea alama ya rangi, nikazizungusha robo duara moja moja. Kazi iliyonisumbua kweli ilikuwa bolti ya puli ya krenki, na kufunga cheni ya taimingi alama zikae mahali pake. Lakini hedi yenyewe ilikaa kwa amani kwa sababu sikubahatisha.

Mjomba anakaza kwa mkono. "Mkono unajua," anasema, na ni kweli unajua, amefunga hedi hivyo maisha yake yote na nyingi zimeshika. Ila mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni mwezi wa Ramadhani. Mkono wa kijana wake anayejifunza si mkono wake. Hedi ya aluminiamu haivumilii bolti moja kuwa legevu kuliko jirani yake, gasketi inaungua hapo hapo penye ulegevu. Wenye magari mnajua inavyokuwa: hedi imefungwa Jumatatu, Ijumaa upo pembeni ya barabara ya Masasi unampigia fundi hapokei.

Najua mnachotaka kuniambia. Kwamba nimefika Ulaya juzi nakuja kuwafundisha mafundi walionizidi umri. Sikumfundisha mjomba kutambua ugonjwa, yeye ndiye aliyenifundisha mimi, na nimewaandikia hapa wazi. Mwingine atasema gari lake halina thamostati na linakwenda Dar na kurudi. Linakwenda, kilomita zaidi ya mia tano na hamsini, sikatai. Aniambie na linakunywa mafuta kiasi gani, na amejaza maji mara ngapi njiani. Na hayo maji ni ya nini? Kisima cha pwani chenye chumvi, kinachokula aluminiamu kutoka ndani kimyakimya, wakati kulanti, maji maalumu ya rejeta, ingelinda hedi na kuchelewesha kuchemka.

Wa tatu atasema toki renchi ni ghali. Yangu ni ya kawaida tu, ukiibadilisha kwa shilingi ni zaidi kidogo ya laki moja. Kwa fundi mmoja anayelipwa kwa kupatana na mteja mwenye haraka, ni pesa nyingi, nakubali. Lakini chini ya mwembe ule ule wanakaa mafundi wengi, kila mmoja na boksi lake la spana, na hakuna hata mmoja mwenye toki renchi. Wachangie moja. Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake kwa vikundi, nimeona vijana wakikopeshwa bodaboda, sijaona kikundi cha mafundi kikiomba vifaa vya kupimia. VETA ipo Mtwara na ipo Lindi. Kwa nini fundi mzoefu asiweze kwenda pale na kuondoka na karatasi moja yenye namba za injini zinazojaa mitaani kwetu, kwa Kiswahili, bila kudaiwa cheti cha kidato cha nne?

Na ninyi wenye magari, msijitoe. Mnanunua gasketi ya bei ya chini kuliko zote, mnamharakisha fundi mpate kuwahi msimu wa korosho, halafu mnamtukana. Muulizeni kabla hajafunga: unakaza kwa ngapi? Akisema hajui, mpeni jibu, mlipieni na muda wa kufanya hivyo.

Toki renchi ya mjomba imeshaondoka na mtu anayerudi nyumbani. Wakati anaisubiri, nimemtumia namba, na naziweka hapa kwa yeyote mwenye gereji kuanzia Kilwa mpaka Kilambo. 1ZZ, ya Allion, Premio na RAV4 za 1800 za kabla ya 2007: bolti 10, kaza 49 za niutoni mita, kisha digrii 90. 1NZ, ya IST, Probox na Raum za kuanzia 2003, zote za 1500: kaza 29, kisha digrii 90, kisha 90 tena. Zote kuanzia katikati kwenda nje, matundu yakiwa makavu. Mwenye injini nyingine asikisie kwa hizi, kila injini ina yake, aitafute kabla hedi haijarudi juu. Ziandikeni ukutani kwa rangi, pale spana zinapotundikwa.