Viazi vya Isyonje, hisa za New York: ETF inamfaa nani huku kwetu?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, alinifuata jioni akiwa na simu mkononi. Alikuwa amemaliza kuuza viazi vyake vya Isyonje, na baada ya kulipa mbolea, vibarua na deni la SACCOS alibaki na Sh6 milioni. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam alimtumia mchoro wa bei ya mfuko mmoja wa Marekani, mstari unaopanda kama barabara ya kutoka Igawilo kwenda Isyonje, na chini yake maneno mawili: nunua hii. "Kaka," akaniuliza, "niziweke zote humu?"

Nilimwomba siku chache. Swali hilo nalisikia kila ninapokaa na watu siku hizi, kwa watumishi wa Forest ya Zamani, wauza mbao wa Mafinga, vijana wa parachichi kule Njombe. Majibu wanayopewa ni mawili, na kila moja linatolewa kwa sauti kubwa. Wapo wanaosema ETF za nje ndizo zitakazotutoa, na wapo wanaosema pesa ya Mtanzania ibaki nyumbani. Nimekaa na daftari nikazipima hoja za pande zote mbili, na naona kila upande una neno la kweli ambalo mwenzake hataki kulisikia.

ETF (kifupi cha Kiingereza cha exchange-traded fund) ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ndugu wa Mfuko wa Umoja ambao UTT, taasisi ya uwekezaji ya serikali yetu, iliuanzisha mwaka 2005. Tofauti ni kwamba vipande vya ETF vinauzwa sokoni kama hisa, muda wote soko likiwa wazi. Mingi ya mifuko hii haina meneja wa kuchagua kampuni. Inafuata orodha iliyokwisha kupangwa, kwa mfano zile kampuni 500 kubwa za Marekani, na kununua kila kampuni kwa kadiri ya ukubwa wake. Wa kwanza Marekani, SPY, ulianza kuuzwa Januari 1993. Kwa kuwa hakuna wa kulipwa kwa kuchagua, gharama ni ndogo mno. Mfuko wa VOO, unaofuata kampuni hizo 500 na ambao ndio mpwa wa mwalimu aliutuma, unakata asilimia 0.03 kwa mwaka. Hiyo ni Sh300 kwa kila Sh1 milioni.

Hoja kubwa ya wanaozisifu haiko kwenye ule mchoro. Iko kwenye maisha ya mwalimu mwenyewe. Mshahara wake unatoka serikalini, pensheni yake ni ahadi ya serikali hiyohiyo, nyumba yake iko Uyole, shamba lake liko Isyonje, na vyote hivyo vinahesabiwa kwa shilingi. Watumishi wameona jinsi kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilivyobadilika: mwaka 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikayapandisha hadi 40. Safari hii mabadiliko yalikuwa ya heri, lakini yanaonyesha kwamba uzee wako unaweza kupangwa upya mezani kwa mtu mwingine. Mnyauko ukiingia kwenye viazi mwaka huohuo, hana pa kushika.

Hili nimeliona kwa macho. Mjomba wangu wa Mafinga aliweka akiba yake yote kwenye paina, ekari nne, kama wanavyofanya wengi Mufindi. Miti ni uwekezaji mzuri. Imesomesha watoto wengi wa kule. Lakini moto wa kiangazi ulipita kwenye ekari tatu miti ikiwa na miaka kumi na moja, imeshapogolewa, imesimama vizuri. Asubuhi yake nilitembea naye humo, majivu yakitufika kwenye vifundo vya miguu, naye anagonga shina moja moja kwa kisu kuona kama ndani kuna maji. Mtu aliyepita pale hawezi kudharau hoja ya kugawa mayai kwenye vikapu tofauti. Na kipande kimoja cha ETF kinakupa vikapu mamia kwa siku moja, jambo ambalo mkulima wa Kilolo au Rungwe hawezi kulifanya kwa urahisi kwa njia nyingine.

Sasa upande wa pili, ambao watumaji wa michoro hawaugusi.

Ile asilimia 0.03 ni kweli, lakini si gharama yote. Marekani inamkata mgeni kodi ya zuio, inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ya asilimia 30 kwenye gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Gawio la kampuni hizo 500 likiwa asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, kodi inakula karibu asilimia 0.4 ya mtaji wako kila mwaka, kimyakimya. Mfuko unaofuata orodha ileile lakini umesajiliwa Ireland na kuuzwa London, kama CSPX, unakata asilimia 0.07, na kwa sababu Ireland ina mkataba na Marekani, gawio linakatwa asilimia 15 tu kabla ya kuingia mfukoni. Jumlisha: wa kwanza unakugharimu asilimia 0.42 hivi, wa pili 0.27. Unaoonekana ghali ndio rahisi. Na kama gawio la ule wa Ireland linarudishwa ndani ya mfuko badala ya kulipwa, huna vidola vidogovidogo vya kuhangaika navyo. Kuna pia kodi ya urithi ya Marekani, ambayo kwa mgeni inaanza mali yake ya huko ikizidi dola 60,000. Kwa mwenye Sh6 milioni hilo liko mbali. Kwa mfanyabiashara wa Kabwe mwenye mtaji mnene, ni sababu tosha ya kuanzia kwenye mifuko ya Ireland.

Halafu kuna nauli ya pesa yenyewe. Tuseme benki inakata dola 40 kutuma fedha nje. Sh6 milioni kwa dola ya Sh2,500 ni dola 2,400. Ukizituma mara moja, nauli ni chini ya asilimia 2. Lakini ushauri maarufu unasema wekeza kidogokidogo kila mwezi. Mwalimu akituma Sh250,000 kila mwezi, yaani dola 100, nauli inameza asilimia 40. Ushauri uliotungwa kwa mtu wa Chicago anayekatwa senti unaweza kumfilisi mtu wa Mbeya anayeufuata neno kwa neno. Wanaokimbilia programu za simu zisizo na nauli nao wasome vizuri: nyingine haziuzi kipande cha mfuko, zinauza mkataba wa kubashiri bei yake, nawe humiliki chochote.

Hesabu iliyonishangaza zaidi ni ya shilingi. Katika muda mrefu soko la hisa la Marekani limetoa wastani wa asilimia 10 hivi kwa mwaka kwa dola. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa Sh1,100 na kidogo. Leo inazunguka Sh2,500. Shilingi imepungua kama asilimia 4 kwa mwaka. Weka pamoja, unapata asilimia 14 hivi kwa shilingi. Ni nyingi. Lakini hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, ilikuwa ikilipa asilimia 15.95 hadi Aprili 2022, iliposhushwa hadi 12.56, na riba hiyo haikatwi kodi. Kwa asilimia 12.56, Sh6 milioni za mwalimu zingemletea Sh376,800 kila baada ya miezi sita, bila kutuma pesa popote.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kwa viwango hivyo, mtu anayekopesha serikali yake haachwi mbali na anayenunua Marekani yote, na analala usingizi. Maana mwaka 2008 zile kampuni 500 zilipoteza asilimia 37 kwa mwaka mmoja. Aliyeingia mwanzoni mwa 2000 alimaliza mwaka 2009 akiwa chini ya alipoanzia, hata ukimhesabia gawio. Na dola yenyewe haipandi siku zote: mwaka 2024 ilivuka Sh2,700, kisha Desemba hiyohiyo ikashuka hadi karibu Sh2,400. Aliyenunua kileleni alipoteza zaidi ya asilimia 10 kabla ya Krismasi, hisa zenyewe zikiwa hazijamfanya lolote.

Kwa hiyo anayeniambia ninunue ETF ya nje kwa sababu inalipa kuliko za nyumbani, simkubalii. Anayesema ninunue ili siku mambo ya nyumbani yakienda mrama niwe na kitu kisichoyumba nayo, huyo namsikiliza. Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa, na zinakupeleka kwenye viwango tofauti: ya kwanza inakwambia weka zote, ya pili inakwambia weka sehemu. Na hatifungani nayo ina udhaifu wake. Ile riba ya kila miezi sita lazima uipandikize upya, kwa kiwango kitakachokuwepo siku hiyo, na kushuka kwa 2022 kulionyesha kwamba kiwango hakisubiri mtu. Wengi pia huila. Mimi nimeshuhudia riba ikigeuka mabati.

Soko letu la hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, nalo limeanza kupokea mifuko ya aina ya ETF. Nimelifurahia jambo hilo, kwa kuwa linaondoa nauli ya benki na hofu ya dola kwa pamoja. Angalizo langu ni moja. Bei ya ETF inakaa karibu na thamani halisi ya kipande kwa sababu kuna wafanyabiashara wakubwa wanaobadilisha vipande kwa hisa zilizomo ndani, na kinyume chake, kila bei inapopotoka. Pale ambapo wauzaji na wanunuzi ni wachache kwa siku, unaweza kuuza chini ya thamani ukiwa na shida ya haraka ya ada za shule. Kwa pesa unayoweza kuihitaji ghafla, Mfuko wa Ukwasi wa UTT unaokurudishia ndani ya siku chache za kazi ni salama zaidi.

Tulipokutana tena nilimwonyesha mwalimu daftari. Nilimwambia mbolea ya msimu ujao ikae kwenye Ukwasi, sehemu kubwa iende kwenye hatifungani, na sehemu moja kati ya tano iwe ya nje. Asiitume sasa, aiunganishe na ya mavuno yajayo, aitume mara moja. Na kama ni ya nje basi auache ule wa kampuni 500 na achukue mfuko wa dunia nzima uliosajiliwa Ireland. Huo nao karibu asilimia 60 yake ni Marekani, lakini Japani, Uingereza na India wamo. (Kampuni za DSE hazimo humo, hivyo mfuko huo haugongani na ulichonacho nyumbani.) Kipato chake cha nje atakitangaza TRA kama kingine chochote.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake wa kidato cha tatu anataka kusomea udaktari nje, na ada zitatakiwa kwa dola. Sikuwa nimemuuliza pesa ni ya nini. Hapo hoja ya wanaotaka dola ilipata nguvu ambayo sikuipa, maana gharama ikija kwa dola, shilingi ndiyo hatari. Lakini miaka minne ni mifupi kwa hisa. Ada haiwezi kusubiri soko lipone baada ya mwaka kama 2008. Tukakubaliana ya binti iende kwenye akaunti ya dola ya kawaida, na ETF ibaki ya uzeeni, ndogo kuliko nilivyopendekeza. Yeye aliona moja kati ya kumi inatosha kuanzia. Sikubishana naye.

Jambo la mwisho tulilofanya jioni ile lilimhusu mama wa nyumba hiyo. Jamaa yetu mmoja wa Ilemi alifariki akiwa na "hisa za nje". Mkewe alilijua hilo neno tu. Hakujua akaunti iko wapi wala nani wa kumwandikia, na karatasi za mirathi za mahakama yetu zimekuwa zikienda na kurudi kwenye barua pepe mpaka leo. Mwalimu akamwita mkewe kutoka jikoni, akakaa nasi mezani, wakaandika kwenye daftari moja na namba za kiwanja na shamba: jina la mfuko, dalali, barua pepe, na jina la binti yao kama mrithi. Mama akauliza hicho kifupi cha ETF kinaandikwaje, akakiandika mwenyewe kwa mkono wake.