Wenzangu Walirudi Kwenye Sigara, Mimi Sivuti

Tulikuwa wanne. Usiku wa kuamkia Ramadhani ya mwaka 2023, kwenye kijiwe chetu cha kahawa Magomeni, mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, dereva wa bajaji na mimi, ambaye ni karani wa duka la jumla Kariakoo, tulipeana mikono kwamba hatutavuta sigara tena, si mchana wa mfungo peke yake bali hata usiku baada ya futari, na hata baada ya Idd. Wazo lilikuwa la mwalimu. Yeye ndiye aliyesema kwamba mtu anayeweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kuvuta pafu hata moja hana sababu ya kushindwa na saa chache zinazobaki, na ndiye aliyekusanya viberiti vyetu vya gesi akamkabidhi muuza kahawa awashie mkaa wake. Kufikia mwisho wa mwaka ule, wenzangu wote watatu walikuwa wamerudi kwenye sigara.

Wa kwanza alikuwa dereva, naye alirudi Idd pili. Nakumbuka vizuri kwa sababu tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye benchi. Muuza sigara alipita na kisanduku chake cha mbao, akichezesha sarafu kiganjani kama wafanyavyo wenzake mji mzima, na mlio ule ukaingiliana na mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Dereva hakuita. Alinyoosha kidole tu, akapewa moja, akagonga kichungi mara mbili kwenye ukucha wa dole gumba, akaiwasha. Moshi ulipochanganyika na harufu ya tangawizi, mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati, mahali kiberiti changu kilipokaa kwa miaka 17. Mfuko ulikuwa mtupu. Sikuvuta, lakini usiku ule sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi ni swali moja: ikiwa kijana yule, ambaye hajavuta hata nusu ya miaka niliyovuta mimi, ameshindwa, mimi ni nani hata niweze?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na ninaamini ndilo linalowarudisha watu wengi zaidi kuliko arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili unaokosa sigara. Tukitazama mambo yanavyokwenda mwilini, nikotini, yaani kile kilevi kilichomo ndani ya tumbaku, ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Ikikosekana, mtu huanza kuhangaika ndani ya saa chache. Hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoeleweka na kushindwa kutuliza akili huwa vikali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua kwa majuma 3 au 4. Maana yake ni kwamba Idd ilipofika, mwili wa dereva ulikuwa umekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake. Aliyemshika mkono siku ile ni benchi, kahawa, sikukuu, fedha ya mfukoni na mlio wa sarafu. Mimi nilikuwa kwenye benchi hilohilo, ni kweli, lakini sikuwa na siku aliyokuwa nayo yeye, wala sijui alikuwa ametoka kugombana na nani. Kurudi kwake kulikuwa habari ya maisha yake, nami niliisoma kana kwamba ni majibu ya vipimo vyangu.

Fundi cherehani alirudi mwezi wa saba, kwenye msiba wa mjomba wake Temeke. Aliyewahi kukesha matanga anajua jinsi wanaume wanavyokaa chini ya turubai usiku kucha, sigara ikipita mkono kwa mkono, na jinsi kuikataa kunavyofanana na kukataa kupewa pole. Yeye alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. "Kaka, pale msibani nilivuta tatu. Kesho yake nikasema basi, nimeshaharibu, nikaingia dukani nikanunua pakiti."

Sentensi ile ya "nimeshaharibu" inastahili kutazamwa kwa karibu. Wazee wetu walisema kuteleza si kuanguka, na mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake tangu miaka ya 1980 juu ya tofauti hiyohiyo: sigara moja iliyovutwa na mtu aliyeacha ni tukio, na kurudi kwenye uvutaji ni jambo jingine, na kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni aibu na hukumu anayojitolea mwenyewe baada ya ile moja. Zile sigara tatu za chini ya turubai zilikuwa utelezi. Pakiti ya kesho yake ilinunuliwa kwa sababu ya maneno. Ninasikitika kwamba hakunijia usiku uleule, kwa sababu nadhani ningemwambia alale, na asubuhi aamke kama mtu ambaye havuti.

Lakini aliyeniumiza ni mwalimu.

Kwa miezi mingi yeye na mimi tulibaki wawili, tukisifiana. Kila Ijumaa baada ya swala alinisalimia kwa idadi ya siku tulizofikisha, maana alikuwa akizihesabu. Kisha nikaanza kumwona na pipi za mnanaa mdomoni kila saa, nami sikulitilia maanani. Jioni moja mwezi wa kumi na moja nilikata njia nyuma ya kibanda cha chipsi nikamkuta amesimama peke yake amegeukia ukuta, moshi unampanda juu ya kofia. Aliisikia miguu yangu. Akaiangusha, akaikanyaga kwa kandambili, akageuka akanipa mkono na kuniuliza habari za nyumbani. Nikajibu njema. Nikamuuliza za kwake, naye akajibu njema. Tukaagana. Wote wawili tulijua, na hakuna aliyesema neno.

Siku zilizofuata nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata katika siku ile ya tatu ya mfungo. Nilijisikia mtu aliyeachwa na nahodha wake kwenye jahazi. Na katika hasira ile niligundua jambo ambalo lingenigharimu kama ningechelewa kuligundua: ahadi yangu ilikuwa imeegemea kwake. Niliacha sigara kwa ajili ya kundi, kwa wazo la mwalimu, kwa hesabu ya mwalimu, na sasa nguzo ilikuwa imeondoka. Ilinibidi niache mara ya pili bila kuwa nimevuta katikati. Nililifanya jambo hilo nikiwa kazini, kwenye ngazi za jengo letu la ghorofa nne, siku ambayo umeme ulikatika na lifti ikasimama. Nilipanda na vitabu vya hesabu mkononi, na nilipofika juu nikasimama nikisikiliza pumzi yangu. Mwaka mmoja kabla, ngazi zile zilinilaza ukutani nikikohoa. Nikajiambia kwamba pumzi hii ni yangu, haikutoka kwa mwalimu, na hawezi kuichukua.

Baada ya hapo hasira ilipoa, nami niliweza kuona kwamba kujificha kwake kulikuwa mzigo mzito kuliko kuvuta kwenyewe. Ninajilaumu kwa ile "njema" yangu. Nilipaswa kumwambia, kwa upole na faraghani, kwamba nimeona na kwamba heshima yake kwangu haijapungua. Nilimwambia baadaye, baada ya majuma matatu, na alinyamaza kidogo kisha akasema, "Nilikuwa naogopa wewe utarudi kwa sababu yangu." Hofu yake haikuwa ya bure.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Christakis na James Fowler, walichapisha uchunguzi wa watu 12,067 waliofuatiliwa tangu 1971 hadi 2003 kutokana na utafiti maarufu wa maradhi ya moyo uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani. Waliona kwamba watu huacha sigara kwa makundi: mke au mume akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67, na rafiki akiacha ulipungua kwa asilimia 36. Mtu ambaye wenzake wamerudi anaweza kuyasoma hayo akakata tamaa. Mimi ninayasoma kwa upande wa pili. Ikiwa rafiki mmoja asiyevuta ana uzito wa namna hiyo, basi kwenye benchi letu uzito huo ulikuwa umebaki kwangu peke yangu, na siku ambayo ningerudi, kijiwe kizima kingekuwa kimepata ushahidi kwamba jambo hili haliwezekani.

Hilo si kujipa ukubwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba bila msaada wowote, ni takribani majaribio 4 tu kati ya 100 ya kuacha tumbaku yanayofanikiwa. Kwa hesabu hiyo, wenzangu watatu hawakufanya ajabu yoyote, na anayewaita wavivu au watu wasio na msimamo hajui anachokizungumzia. Vibandiko vya ngozi na bigijii za nikotini, vinavyompunguzia arosto anayeacha, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu mwaka 2009. Mimi niliingia katika maduka matatu ya dawa nikiviulizia, na katika mawili muuzaji alidhani ninatania. Nchi yetu ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003 na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Laiti msaada kwa anayetaka kuacha ungepatikana kwa wepisi ule ambao muuza sigara anapatikana.

Nimeshauriwa mara nyingi nikimbie kijiwe. Nilijaribu kwa majuma sita, na ninawaheshimu wanaofanya hivyo, hasa katika mwezi wa kwanza. Hata hivyo, anayetoa ushauri huo kirahisi hajui kijiwe ni nini kwa mtu wa Uswahilini. Pale ndipo ninapopata habari ya msiba, pale ndipo nilipopata fundi wa bati na mtu wa kunikopesha ada ya mtoto. Nikikosekana pale, nitakuwa nimejiokoa na moshi nikapoteza ndugu. Kwa hiyo nilirudi, kwa masharti yangu: ninakaa upande upepo unakotokea, ninaagiza kahawa kabla sijaketi ili mkono uwe na kazi, na ninaondoka baada ya kikombe cha pili. Hamu ikija, ninaiacha ipite. Hudumu dakika chache tu, hata ikiwa kali.

Nilibadilisha na neno moja. Zamani nikikaribishwa sigara nilijibu, "Nimeacha." Jibu hilo lilifungua mjadala kila mara: umeacha lini, utarudi tu, hata mimi niliacha mara tano. Mtu akisema ameacha, msikilizaji husikia safari ambayo bado iko njiani. Sasa ninasema, "Sivuti." Hakuna anayeuliza sivuti tangu lini. Mkono wenye sigara huhamia kwa mwingine, na mazungumzo ya Simba na Yanga yanaendelea. Sikutarajia kwamba herufi chache zingefanya kazi hiyo, lakini zimeifanya, kwao na kwangu pia, kwa sababu masikio yangu nayo yanasikia.

Sikuwahi kumhubiria mtu pale kijiweni. Sipendi kuhubiriwa, na nilijua kwamba kila mmoja wao anakijua kikohozi chake kuliko mimi.

Mwezi uliopita dereva aliegesha bajaji yake, akaja kuketi karibu yangu. Muuza sigara alipotusogelea akichezesha sarafu, dereva alimwashiria kwa mkono apite, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka kidogo. Tukanyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Braza, wewe arosto ilikuachia siku ya ngapi?" Nikamjibu kwamba kwangu ilianza kulegea usiku wa nne. Akahesabu kwa vidole. Yeye alikuwa siku ya pili. Nilimwagizia kahawa, nikainuka, nikamwachia kiti changu cha upande unakotokea upepo.