Mbwa wa Syokimau na Heshima ya Abiria

Tiketi za Ijumaa za SGR, treni ya Nairobi hadi Mombasa, zimeisha tena. Unabonyeza *639#, unachagua Nairobi, unachagua Mombasa, tarehe, nambari ya kitambulisho, halafu simu inakwambia viti vimejaa. Vimejaa nani, na sote tuko hapa?

Haya, tuseme umepata. Mwaka 2017 tulianza na shilingi 700. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Wa daraja la kwanza, wa 4,500, wakae kule kwao, Mungu awazidishie. Lengo lilikuwa kukwepa barabara, na mizani ya Mlolongo, malori ya Salama na choo cha kulipia Mtito Andei. Kweli, relini mambo yamenyooka. Balaa limehamia ncha mbili za safari.

Treni ni ya saa tisa alasiri, saa saba uwe kituoni Syokimau, maana kuna mbwa wa ukaguzi. Hapa naomba tuheshimiane. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, anaamrishwa aweke begi chini kwenye mstari, arudi nyuma, anyamaze. Mbwa anaanza kunusa. Sanduku la mheshimiwa mwenye tai analipita bila hata salamu. Akifika kwenye kiondo cha shangazi, anasimama. Anapita, anarudi, anazamisha pua. Mstari mzima unamgeukia shangazi.

"Ni samaki wa omena tu, afande."

Afande kimya. Anayejibu ni mbwa, kwa mkia.

Na bado! Begi lipite mashineni, wewe upapaswe, tiketi ichapishwe, kitambulisho kikaguliwe, kisha ndani kuna mashine nyingine. Hiyo inatafuta nini ambacho pua ya mbwa haikukipata? Chelewa kidogo, geti limefungwa. Treni unaiona, nayo inakuona.

Ndani viti vinatazamana, watatu upande huu, wawili ule. Nusu ya abiria wanaingia Mombasa kinyumenyume. Ile ya saa mbili asubuhi, ndiyo hiyo ya kusimama Emali, Kibwezi, Voi, hadi Mariakani.

Unashuka Miritini, kituo cha mwisho, ambako si mjini. Hapo matatu tena, na wa Ukunda, kule kusini, bado ana safari. Jumlisha saa zote uniambie basi la kukushusha Mwembe Tayari, mjini, lilikukosea nini. Ndege? Hewani haifiki saa moja, lakini foleni ya Mombasa Road kwenda uwanjani haijui kama una tiketi ya ndege.

Tena basi lina dirisha. Mariakani unanyoosha mkono, unapata korosho. La treni halifunguki, unabaki kusubiri toroli ya chai, na bei ya chai yenyewe... nani aliketi akaipanga ile bei?