Nimekopa dola za Kanada kununua nyumba ya mbao na bati

Mama aliponiona kwenye video nimesimama mbele ya karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hakuanza na bei. Aliuliza, "Mwanangu, ukuta wake ni wa nini?" Nikamjibu: mbao ndani, bati nje. Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita nyuma yake huko Majengo, mtaa wetu wa Goma, kisha akasema, "Baba yako alihangaika miaka yote ile tutoke kwenye mbao tuingie kwenye matofali. Wewe umepanda ndege ukarudie mbao?"

Nimecheka, lakini swali lake lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa na wauzaji wa hapa Calgary. Wao waliniuliza nataka vitanda vingapi, friji ya aina gani, kama mke wangu angependa jiko la nje. Ukuta waliupitisha kiganja tu kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni: tazama unavyong'aa! Mtu wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo chini ya volkano, haoni hivyo. Kwetu ukiutazama ukuta unajua mwenye nyumba alijenga mwaka gani, kabla ya volkano au baada, na mfuko wake ulikuwaje mwaka huo.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, na moto wake, lava, ukashuka ukakata mji katikati hadi ziwani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, paseli yetu, yaani kiwanja, ilikuwa chini ya mwamba mweusi uliokuwa bado na joto. Juu ya mwamba ule huchimbi msingi kwa jembe. Baba, seremala, akafanya kama wengi walivyofanya: akasimamisha nguzo juu ya lava, akapigilia mbao, akaezeka mabati. Mbao zilikuja kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nazo akazipaka mafuta machafu ya injini ili mchwa wazikinai. Nyumba yetu ilinuka gereji kwa mwaka mzima.

Mabati yalikuwa vita ya pekee. Moshi wa volkano ukikutana na mvua, mvua inakuwa na asidi, na bati linaanza kuliwa na kutu kwenye matundu ya misumari kwanza. Baba alikuwa akikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vipande vya duara, anaweka kimoja chini ya kichwa cha kila msumari. Hata hivyo lilivuja. Lakini lilipovuja tulijua saa ileile: tone linaangukia blanketi, mtoto analia, baba anapanda juu na nyundo. Nyumba ile haikuwa na siri.

Hilo la siri ndilo lililonifanya nichague nilivyochagua.

Karavani nyingi za huku, ambazo sehemu kubwa hutengenezwa Elkhart na miji jirani katika jimbo la Indiana, Marekani, zina ukuta wa namna mbili. Wa kwanza ni ndugu kabisa wa nyumba ya baba yangu: fremu ya mbao nyembamba, sufi ya kuzuia baridi katikati, na nje vipande vya bati la alumini lenye mikunjo, kimoja kikishikana na mwenzake kwa ulalo. Wa pili ni wa faibaglasi. Huo haujengwi, unagandishwa: karatasi ya faibaglasi yenye ngozi inayong'aa, chini yake tripleksi (plywood) nyembamba, kisha ile povu nyeupe tunayoiita frigoliti, ikiwa imezungukwa na fremu ya alumini, kisha tripleksi nyingine ya ndani. Vyote vinapakwa gundi na kubanwa pamoja kiwandani mpaka vinakuwa kitu kimoja. Ukiusimamia mbali ni mzuri, siwezi kusema uongo. Unaoshwa kwa dakika kumi, na ukitaka kuuza baadaye wanunuzi wanaukimbilia.

Shida ni kwamba gundi ile ndiyo nyumba. Maji yakipata mlango, pembeni ya dirisha au kwenye pembe ya paa, yanaingia kimyakimya kwenye tripleksi. Tripleksi inavimba, gundi inaachia, na siku moja unaona uvimbe ukutani kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Kufika hapo maji yameshakaa humo muda mrefu. Na huwezi kubadilisha kipande, kwa sababu hakuna kipande. Ukuta ni mmoja kutoka mbele hadi nyuma.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Edmonton. Alinunua ya faibaglasi, ndefu, yenye chumba kinachosukumwa nje kama droo, na picha alizotuma kwenye kikundi cha familia zilipongezwa hadi Uvira. Mwaka wa tatu ukuta wa nyuma ukavimba. Fundi alimtajia bei ya kuufungua na kuugandisha upya, na bei ile kwetu ingetosha kuanza nyumba ya matofali. Udhamini? Aliambiwa uvujaji unatokana na yeye kutokagua silikoni ya maungio kila miezi sita. Kila miezi sita! Nani kati yetu aliambiwa hivyo siku ya kusaini? (Na si silikoni hata, ndivyo nilivyojifunza baadaye. Silikoni ya kawaida ikishapakwa, hakuna dawa nyingine inayoshika juu yake. Kuna utepe laini wa mpira unaowekwa chini ya fremu ya dirisha. Nilipouona mara ya kwanza nilikumbuka vile viduara vya baba.)

Sasa, bati nalo lina maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa maji. Fremu yake ya mbao inaoza. Nimeona karavani za bati ambazo ukibonyeza pembe ya chini kidole kinazama kama kwenye ndizi iliyoiva. Sisemi bati halivuji. Ninachosema ni kwamba likivuja unafungua parafujo, unashusha kipande kimoja, unaona mbao iliyooza kwa macho yako, unaikata, unaweka nyingine, unarudisha bati. Mtoto wa seremala anaweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi moja, na bia mkononi.

Halafu kuna mvua ya mawe. Wenzetu wa Toronto hawaelewi tunachosema tukiitaja. Tarehe 13 Juni 2020 nilikuwa kaskazini mashariki mwa Calgary, upande ambao wahamiaji wengi tunaishi, mawe ya barafu yalipoanza kushuka, mengine makubwa kama mpira wa tenisi. Nyumba za mtaa wetu zimevikwa plastiki nje. Tulipotoka, kuta za upande ule uliopigwa na upepo zilikuwa zimetobolewa na kupasuliwa, unaona karatasi ya ndani ikipepea. Nyumba za dola laki kadhaa, na ngozi yake ni plastiki! Hasara ya siku ile kwa kampuni za bima ilizidi dola bilioni moja. Miaka minne baadaye, Agosti 2024, ikaja nyingine iliyogharimu zaidi.

Alumini ikipigwa na mawe hayo inabonyea. Inabaki na mabonde, inakuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui, lakini mara nyingi haitoboki. Faibaglasi inavumilia mawe madogo vizuri kuliko bati, hapo inashinda. Ila jiwe kubwa linaipasua, ufa mdogo kama utando wa buibui, na ufa huo ndio mlango niliousema. Kati ya sura mbaya na ugonjwa wa ndani, mimi nachukua sura mbaya.

Ningepata moja ya zile za mviringo kama yai ningebadili mawazo. Zilianza kutengenezwa Winnipeg mwaka 1968, zinaitwa Boler, faibaglasi tupu iliyomwagwa kwenye kalibu, nusu ya juu na nusu ya chini zimeunganishwa kiunoni basi. Hakuna tripleksi ya kuoza ukutani. Lakini ndani yake wanalala watu wanne waliopendana sana, na sisi tuko sita.

Kwa hiyo nikanunua ya bati, ya mwaka 2013, kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiegesha chini ya paa. Nilikwenda na kipima unyevu cha dola arobaini, lakini kwa kweli nilitumia zaidi ngumi. Baba alikuwa akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Nikaizunguka nikigonga, yule mzee akinitazama kama naaga maiti. Nyuma, chini ya taa ya kushoto, sauti ikabadilika. Nikamwonyesha, akapunguza dola mia nane.

Kuna jambo moja ambalo sijalitatua. Kwetu neno kambi lina uzito wake. Kanyaruchinya, Bulengo: watu waliokimbia vita walilala humo chini ya turubai, mvua ikipita chini ya migongo yao juu ya lava. Mei 2021 volkano ilipopasuka tena na mji ukaamriwa kuhama, mama alitembea hadi mji wa Sake na godoro kichwani. Na mimi nalipia usiku mmoja kwenye msitu wa Kananaskis ili nikalale nje ya nyumba yangu yenye joto, na hiyo wanaiita kupiga kambi, mapumziko. Watoto wangu wanaimba wakisikia neno hilo. Sijui niwafundishe lini maana yake ya pili. Mama nimemwambia ni "gari la safari", basi.

Wala sitaki mtu aliyeko Goma anisome akidhani nasifia mbao. Mbao zinaungua. Mshumaa mmoja ukianguka usiku mtaa wa Birere, nyumba kadhaa zinaondoka pamoja. Baba alikuwa na haki ya kutaka matofali. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba ile anajua kitu ambacho muuzaji wa huku hakijui, au anakijua na kukificha: ukuta unaokuonyesha kidonda chake ni wa bei rahisi kuliko ukuta unaokificha. Nimeona pia jinsi tunavyobadilika tukifika. Yule yule aliyekuwa akichungulia kila fundo la mbao kabla ya kulipa franga, huku anasaini deni la miaka kumi na tano kwa sababu rangi imependeza na kuna spika nje.

Yaya amepiga simu jana. Hana pesa ya fundi, na anataka mwezi ujao alete yake kwangu tuufungue ule ukuta wenyewe, tutoe tripleksi yote iliyooza. Ukishafunguka, nimemshauri, asirudishe faibaglasi, tuvike bati. Ameguna. Nimemwambia alete misumeno miwili, na asimtajie mama alilipa kiasi gani.